Kimbunga Hakiji Bila Kutangazwa: Maswali Yenu na Historia ya Dhoruba za Baharini

Haya ni maandishi ya kipindi chetu cha maswali na historia, kwa ajili yako uliyekikosa hewani kwa sababu ya foleni ya maji, zamu ya mgawo au betri ya redio iliyokwisha. Mpe na jirani asome. Kama jirani hajui kusoma, msomee.

Mada yetu ni vimbunga, na maswali yamekuja mengi. Mama mmoja aliuliza kama kile kisulisuli kinachorusha vumbi na mifuko uwanjani ni mtoto wa kimbunga. Kijana mmoja akauliza kwa nini vimbunga vinapewa majina kama watu. Kisha mzee mmoja akauliza swali lililobeba kipindi kizima: "Sisi tuko bara, bahari hatuioni. Kimbunga kinatuhusu nini?" Tutaanza na kisulisuli cha mama, na tutamaliza na swali la mzee.

KISULISULI NA KIMBUNGA NI NDUGU?

Hapana, mama. Kisulisuli kinazaliwa ardhini, jua linapochoma uwanja mkavu. Upana wake ni hatua chache tu, na baada ya dakika chache kimekwisha. Kimbunga kinazaliwa baharini. Kinaweza kuwa na upana wa kilomita mia kadhaa, na kinaishi siku nyingi, mara nyingine wiki kadhaa.

Chakula chake ni joto la maji. Wataalamu wanasema bahari inapaswa kuwa na joto la nyuzi 26 au 27 hivi, tena si juu tu, bali mpaka kina cha mita 50 hivi. Maji hayo yanatoa mvuke mwingi. Kila aliyewahi kufunua sufuria ya ugali kwa haraka anajua kwamba mvuke unabeba moto: unaunguza kuliko unavyotazamia. Mvuke wa bahari ukipanda juu na kugeuka kuwa mawingu na mvua, unaachia ule moto uliobeba. Moto huo unaisukuma hewa izidi kupanda, na hewa nyingine inakimbilia chini yake kujaza nafasi. Ndiyo upepo wenyewe. Dunia nayo inazunguka, kwa hiyo upepo huo hauendi moja kwa moja. Unapinda na kuanza kuzunguka kitovu. Huku kusini mwa Ikweta unazunguka kufuata mishale ya saa. Kaskazini mwa Ikweta unazunguka kinyume.

Upepo ukifika kasi ya kilomita 119 kwa saa, dhoruba hiyo imekuwa kimbunga kamili. Wamarekani wanakiita hariken, neno lililotoka kwa Wataino, wenyeji wa zamani wa visiwa vya Karibi. Wajapani na majirani zao wanakiita taifuni. Ni kitu kile kile. Kinachobadilika ni bahari.

KWA NINI KINAPEWA JINA?

Kwa sababu mara nyingine dhoruba mbili au tatu zinatembea baharini kwa wakati mmoja, na wasikilizaji wangechanganyikiwa. Kwa upande wetu wa Bahari ya Hindi, nchi za ukanda huu zinapeleka majina, na orodha inaandaliwa kabla ya msimu kuanza, kwa kufuata alfabeti. Jina halielezi tabia ya dhoruba. Mei 2024 kimbunga kilichofika kisiwa cha Mafia, Tanzania, kiliitwa Hidaya. Wewe na mimi tunajua hidaya maana yake ni zawadi. Waliong'olewa mabati hawakuiona zawadi hiyo.

JICHO LA KIMBUNGA NI NINI?

Ni sehemu ya katikati, ambako upepo unatulia na wakati mwingine hata jua linaonekana. Hapo wengi wamepotea. Upepo unavuma kwa saa kadhaa kutoka upande mmoja, kisha ghafla kimya. Mtu anadhani yamekwisha, anatoka kutafuta mbuzi wake au bati lake. Baada ya muda mfupi upande wa pili wa kimbunga unafika, na upepo unavuma kwa nguvu ile ile kutoka upande mwingine. Nyumba iliyokwisha kulegezwa na upepo wa kwanza inaangushwa na wa pili. Kimya cha ghafla katikati ya dhoruba si ruhusa ya kutoka.

JE, PWANI YETU IMEWAHI KUPIGWA?

Sasa tuingie kwenye historia yenyewe.

Vimbunga havipendi Ikweta. Karibu na mstari huo, ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayopindisha upepo ni dhaifu mno. Ndiyo maana ni nadra sana kimbunga kuonekana ndani ya digrii tano kutoka Ikweta, kaskazini au kusini. Nyarugusu, Kakuma na Nakivale zote ziko ndani ya mstari huo. Zanzibar iko kwenye digrii ya sita, pembeni kabisa mwa eneo la hatari. Kwa sababu hiyo watu wa visiwani waliishi miaka mingi wakiamini kwamba vimbunga ni mambo ya Mauritius na Madagaska.

Tarehe 15 Aprili 1872 imani hiyo ilivunjika. Kimbunga kilipiga kisiwa cha Unguja wakati wa utawala wa Sultani Barghash, aliyekuwa bado hajatimiza miaka miwili kwenye kiti. Majahazi na meli zilizokuwa bandarini, pamoja na meli za Sultani mwenyewe, zilizama au zilitupwa ufukoni. Mashambani, kama theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja iliangushwa. Hakukuwa na onyo lolote. Waya wa simu ya chini ya bahari ulifika Zanzibar miaka saba baadaye, mwaka 1879.

Jiulize, upepo wa siku moja unaweza kubadili historia? Huu ulibadili. Kisiwa cha Pemba kilikuwa jirani tu, lakini kimbunga kilikiacha karibu kizima. Mikarafuu ya Unguja ilipolala chini, bei ya karafuu ilipanda, na wenye mali wakakimbilia Pemba kupanda mikarafuu mipya. Nani alilima mashamba hayo? Watumwa waliotolewa bara, pande za Ziwa Nyasa na hata Manyema, Kongo ya mashariki. Mwaka 1873 Sultani alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, lakini utumwa wa mashambani uliendelea, na watu waliendelea kuvushwa kwa siri kupelekwa Pemba. Mpaka leo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba, na mwanzo wake ni ule upepo wa 1872. Hata manowari ya Sultani iliyoitwa Glasgow, ile iliyozamishwa na Waingereza katika vita vifupi vya tarehe 27 Agosti 1896, ilinunuliwa kuziba nafasi ya meli zilizoangamia siku ile.

Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, zamu ilikuwa ya Lindi, kusini mwa Tanganyika. Kisha ndiyo Hidaya, mwaka 2024. Upande wa kaskazini mwa Ikweta, Novemba 2020 kimbunga Gati kiliingia kaskazini mwa Somalia, na hicho ndicho kikali zaidi kuwahi kupimwa katika nchi hiyo. Kwa hiyo jibu ni hili: ndiyo, pwani yetu imewahi kupigwa, ila kwa nadra. Tena unadra wenyewe una hatari yake, maana watu wanasahau. Bibi aliyeona 1872 hakuwepo kuwaambia watu wa 1952.

KINACHOUA NI UPEPO?

Wengi wetu tunaogopa upepo, kwa sababu ndio unaosikika. Lakini ukisoma historia ya vimbunga vikubwa, utaona kwamba muuaji mkubwa ni maji. Anakuja kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni bahari kuinuka. Upepo unasukuma maji kuelekea nchi kavu kwa saa nyingi, mpaka bahari inapanda juu ya ufuko na kuingia mitaani. Mji wa Galveston, jimbo la Texas, Marekani, ulikuwa mji tajiri juu ya kisiwa cha mchanga. Mahali pake pa juu kabisa hapakufika mita tatu kutoka usawa wa bahari. Tarehe 8 Septemba 1900 maji yalipanda zaidi ya mita nne. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 6,000 na 12,000. Hakuna maafa ya asili yaliyoua watu wengi kuliko hayo katika historia ya Marekani.

Kuna jambo moja la Galveston ambalo watangazaji wote tunapaswa kulijua. Watabiri wa Cuba walikuwa na ujuzi wa miaka mingi, na waliona kwamba dhoruba ile inaelekea Ghuba ya Mexico, upande wa Texas. Lakini ofisi ya hali ya hewa ya Marekani iliwadharau. Wakati huo Cuba ilikuwa chini ya jeshi la Marekani, na wiki chache kabla ofisi hiyo ilikuwa imefanya mpango wa kuzuia simu za upepo zenye utabiri kutoka Cuba. Wakubwa wa Washington walisema dhoruba itapinda kuelekea Florida na kurudi Atlantiki. Haikupinda. Ujuzi ulikuwepo, lakini ulikuwa mikononi mwa watu wasiosikilizwa.

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970 maji yalikuja tena, safari hii Pakistani ya Mashariki, nchi ambayo leo ni Bangladesh. Ni nchi ya mito mikubwa na visiwa vya tope ambavyo havina kilima hata kimoja. Kimbunga kilifika wakati bahari imejaa. Ukuta wa maji wa mita sita na zaidi ulipita juu ya visiwa watu wakiwa wamelala. Waliokufa walikadiriwa kati ya 300,000 na 500,000. Katika historia iliyoandikwa hakuna kimbunga kilichoua zaidi.

Je, hawakuonywa? Walionywa, nusu nusu. Redio ilitangaza hatari, lakini haikueleza wazi hatari ni kubwa kiasi gani wala watu waende wapi. Tena mwezi mmoja kabla, Oktoba, onyo kubwa lilitolewa na dhoruba ikaja ndogo. Wengi wakasema, "Hawa wametuzoea." Wengine hawakuwa na redio kabisa.

Msaada wa serikali ulikwenda polepole, na wananchi walikasirika. Mwezi uliofuata, Desemba 1970, ulikuwa uchaguzi, na chama cha Sheikh Mujibur Rahman kilishinda. Wakubwa wa Pakistani ya Magharibi wakakataa kukabidhi madaraka. Machi 1971 vita vikaanza, na watu kama milioni 10 wakavuka mpaka kuingia India wakiwa wakimbizi. Kimbunga peke yake hakikuleta vita. Ugomvi ulikuwepo tangu zamani. Lakini watu walioona serikali ikiwaacha ndani ya maji hawakuweza kuiamini tena.

SISI WA BARA INATUHUSU NINI?

Mzee, sasa nimefika kwako. Ile njia ya pili ya maji ndiyo njia yetu.

Kimbunga kikiingia nchi kavu kinakosa maji ya moto ya bahari, na upepo wake unaanza kufa. Mara nyingi ndani ya siku moja au mbili haustahili tena kuitwa kimbunga. Lakini mawingu yake bado yamejaa. Yakikutana na milima, au yakisimama mahali pamoja, mvua ya miezi inaweza kunyesha kwa siku chache.

Machi 2019 kimbunga Idai kiliwaonyesha watu wa kusini mwa Afrika jinsi njia yake inavyoweza kuwa ya ajabu. Kilianza kama dhoruba ndogo, kikaleta mafuriko Msumbiji na Malawi, kikarudi baharini, kikapata nguvu, kisha usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 kikapiga mji wa Beira. Baada ya hapo mvua zake ziliendelea mpaka milima ya Chimanimani, Zimbabwe, ambako mawe na matope yaliteremka usiku juu ya nyumba za watu. Jumla ya waliokufa katika nchi hizo ilizidi 1,000. Beira ilipokauka, kipindupindu kikaanza.

Sasa sikiliza hapa, ndugu yangu mkimbizi. Katika wilaya ya Chipinge, mashariki mwa Zimbabwe, kuna kambi inaitwa Tongogara. Wengi wake ni Wakongo, na wako pia Warundi, Wanyarwanda na watu wa Msumbiji. Kambi hiyo haina ufuko wala bandari. Idai ilipopita, nyumba nyingi za tofali za udongo ziliporomoka, vyoo vikabomoka, na visima vikawa na hatari ya kuchafuka. Miaka mitatu baadaye, tarehe 11 Machi 2022, kimbunga Gombe kiliingia jimbo la Nampula, Msumbiji. Huko kuna kambi ya Maratane, yenye Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali. Nao waliezuliwa mapaa. Watu waliokimbia risasi Kivu au Burundi walijikuta wanakimbia maji.

Mwaka 2023 kimbunga Freddy kilizaliwa mwanzoni mwa Februari karibu na Australia, kikavuka Bahari ya Hindi yote, kikapiga Madagaska na Msumbiji, kikageuka, kikapiga Msumbiji mara ya pili. Kiliishi siku 36, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kwamba hakuna kilichoishi muda mrefu kuliko hicho. Upepo wake ulikuwa umekwisha kulegea mvua zake zilipofika Blantyre, Malawi. Vilima vya mji vikateremka. Ukijumlisha waliokufa na wale ambao hawakuonekana tena, Malawi ilipoteza watu zaidi ya 1,000. Malawi haina bahari hata kidogo, ina ziwa tu.

Hata wewe uliye karibu na Ikweta, ambako kimbunga chenyewe hakifiki, kinaweza kukugusa. Kimbunga kikiwa kusini kinaweza kuvuta unyevu uliokuwa uje kwako. Mwaka huo huo wa 2019, Idai ikiwa Msumbiji, mvua za masika zilichelewa Kenya, na wakulima walikaa na mbegu mkononi. Na wengi wetu tuna ndugu Dzaleka, Maratane na Tongogara. Kinachowapata wao kinatupata na sisi, hata kama ni kwa simu.

Wengine mmeuliza kama vimbunga vinaongezeka kwa sababu dunia inapata joto. Wataalamu hawasemi kwamba idadi yake yote imeongezeka. Wanachosema ni kwamba bahari ikiwa na joto zaidi, vile vikali vinakuwa vikali zaidi, na mvua inayobebwa inakuwa nyingi zaidi. Kwetu sisi tunaoishi chini ya turubai na tofali za udongo, hilo la mvua ndilo la kuangalia.

JE, KUNA WALIOWEZA KUPUNGUZA VIFO?

Wapo, na ni watu maskini. Turudi Bangladesh.

Baada ya maafa ya 1970 na vita vya 1971, nchi mpya ilikuwa haina fedha. Mwaka 1972 Shirika la Msalaba Mwekundu lilianzisha mpango wa kujiandaa na vimbunga, na serikali ikaungana nao. Hawakuanza na mashine kubwa. Walianza na watu wa kujitolea, kijiji kwa kijiji, wenye redio ndogo, vipaza sauti vya mkononi na bendera. Onyo likitoka, mtu unayemfahamu, anayezungumza lugha yako, anakuja mlangoni kwako na kukuambia uende wapi. Wakajenga pia majengo imara juu ya nguzo, ambayo siku za kawaida ni shule. Wakarundika vilima vya udongo kwa ajili ya ng'ombe, kwa sababu walijua mtu hawezi kuacha ng'ombe wake wafe, na asiyeondoka kwa sababu ya ng'ombe atakufa pamoja nao.

Haikuwa safari nyepesi. Tarehe 29 Aprili 1991 kimbunga kingine kikubwa kiliua watu karibu 140,000. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wanawake walikufa wengi mno kuliko wanaume. Kwa nini? Onyo lilitangazwa sokoni na barabarani, kwenye wanaume, wakati mama yuko nyumbani. Wengine walimsubiri mume atoe ruhusa. Wengine waliogopa kwenda kulala kwenye jengo lililojaa wanaume, lisilo na sehemu ya wanawake. Wengine walikufa wakishikilia watoto wawili au watatu. Walioongoza mpango wakabadilika. Leo ule mpango una wanaojitolea zaidi ya 70,000, na kama nusu yao ni wanawake.

Novemba 2007 kikaja kimbunga Sidr, chenye upepo mkali kama ule wa miaka ya nyuma au kuuzidi. Hesabu ya waliokufa ilikuwa zaidi ya 3,400. Ni wengi, na kila mmoja ana mama yake. Lakini zilinganishe namba hizo: mwaka 1970 zaidi ya 300,000, mwaka 1991 karibu 140,000, mwaka 2007 zaidi ya 3,400. Bahari ni ile ile na visiwa ni vile vile. Kilichobadilika ni namna habari inavyotembea, na mahali pa kukimbilia.

Na wakimbizi je? Tangu Agosti 2017, Warohingya zaidi ya 700,000 waliokimbia Myanmar waliingia eneo la Cox's Bazar, Bangladesh, wakaungana na waliotangulia. Wanaishi kwenye vibanda vya mianzi na turubai juu ya vilima vya udongo. Hawaruhusiwi kutoka kambini kama wanavyotaka, na wewe unajua maisha hayo. Kwa hiyo wakimbizi wenyewe walifundishwa kazi ile ile ya wanaojitolea. Bendera moja ni kaa macho, mbili ni hatari inakaribia, tatu ni hatari kubwa. Tarehe 14 Mei 2023 kimbunga Mocha kilipofika, vijana na akina mama wa Kirohingya walizunguka na vipaza sauti kwa lugha yao, wakahamisha wazee na walio kwenye miteremko. Vibanda vingi vilibomoka, lakini mauaji makubwa yaliyoogopwa kambini hayakutokea. Ng'ambo ya mpaka, Myanmar, karibu na mji wa Sittwe, kimbunga hicho hicho kiliua watu zaidi ya 100, wengi wao Warohingya wa kambi za huko. Ni kweli kitovu cha dhoruba kilipita upande wao, kwa hiyo si haki kulinganisha moja kwa moja. Lakini kambi ya upande huu ilikuwa na watu wake wenyewe wa kubeba habari, na hilo lina thamani.

TUFANYE NINI KAMBINI KWETU?

Tetemeko la ardhi linakuja bila kubisha hodi. Kimbunga kinaonekana kwenye setelaiti siku kadhaa kabla. Kwa hiyo mtu akifa kwa kimbunga bila kujua, mara nyingi si kwa sababu habari haikuwepo. Habari ilikuwepo, ila haikuvuka hatua ya mwisho, kutoka ofisini mpaka mlangoni kwake.

Nawaomba basi kwenye kikao kijacho cha zoni muulize maswali haya manne. La kwanza, onyo la mvua kubwa likitoka mjini, nani analileta kambini, na kwa lugha gani? Onyo la Kireno, Kishona au Kichewa halimsaidii bibi aliyefika mwezi uliopita kutoka Fizi. La pili, nani anamfikishia mama aliye ndani, mlemavu na asiyesikia? La tatu, tukiambiwa tuhame usiku, tunakwenda jengo gani, na ufunguo uko kwa nani? La nne, mitaro ya maji na vyoo vya blok yetu viko katika hali gani kabla masika hayajaanza?

Na nyumbani kwako, karatasi zako za utambulisho na kadi za kliniki zifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uziweke mahali ambapo hata mtoto anajua. Usivuke maji yanayokwenda kasi, hata kama yanafika magotini tu. Mafuriko yakipita, chemsha maji ya kunywa au weka dawa, maana kipindupindu kinafuata nyuma ya maji.

Mzee, uliuliza kimbunga kinatuhusu nini sisi wa bara. Kinatuhusu kwa sababu maji yake hayaulizi kama una bahari, wala hayaulizi kama una uraia. Barghash alikuwa Sultani mwenye meli, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Mwanamke wa Kirohingya mwenye kipaza sauti hana hata nchi, lakini yeye amewaambia jirani zake.

Maswali ya kipindi kijacho yapelekeni kwa kiongozi wa zoni au muyatie kwenye sanduku letu la maoni.